Transfa Uliyoifunga Mwenyewe Inasumbua? Ipime Ikiwa Bado Chini ya Gari

Anayefungua nyumbani transfa yake, yaani sanduku la gia linalogawa nguvu kwa ekseli za mbele na nyuma, na kuifunga tena hunijia na mojawapo ya malalamiko matatu: inalia, haiingii, au inachomoka. Wengi wao huwa wameshaishusha mara ya pili kabla hawajauliza, na hapo ndipo wanapojikosesha. Ukiishusha, ushahidi unamwagika pamoja na oili. Hujui tena kiwango kilikuwa wapi, liva ilikuwa inafika wapi, wala propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye ekseli) ilifungwa kwa alama gani.

Mwongozo huu unahusu hasa transfa ya kuchagua, ile yenye 2H (magurudumu mawili, mwendo wa juu), 4H (manne, mwendo wa juu), N (huru) na 4L (manne, mwendo wa chini), iwe ya cheni au ya gia tupu. Zile za muda wote, zenye difu ya katikati, nitazitaja pale zinapotofautiana.

## Vitu vya kuwa navyo

- Jeki, stendi imara nne na vizuizi vya matairi.
- Kitabu cha ufundi cha modeli yako hasa. Soma kibao kilicho kwenye mwili wa transfa. Transfa mbili zinaweza kufanana kwa nje kama pacha huku ndani zikitofautiana beringi, shimu (vibati vyembamba vya kurekebisha nafasi) na hata aina ya oili.
- Spana ya torki, spana za kawaida, na bisibisi ndefu ya chuma ya kusikilizia.
- Chaki au rangi ya kuwekea alama.
- Beseni jeupe, kavu na safi. Weupe una kazi yake, utaiona.
- Oili sahihi ya kujaza mara mbili. Mara moja haitoshi, kwa sababu utaimwaga ya kwanza.
- Multimita, kama transfa yako ina swichi au mota ya umeme.
- Mtu wa pili.

Oili isinunuliwe kwa mazoea. Transfa nyingi za cheni, kama NP231 ya Jeep, hutumia ATF, ile nyepesi ya giaboksi za otomatiki. Nyingi za gia tupu hutumia oili nzito ya gia. Ukiweka nzito kwenye ile yenye cheni na pampu ndogo, oili inapita kwa shida, hasa ikiwa baridi. Na pale kitabu kinaposema GL-4 (daraja la oili ya gia), usiweke GL-5 kwa kuwa tu namba ni kubwa. Baadhi ya viongezwa vya GL-5 hula shaba iliyo kwenye ringi za kulinganisha mwendo.

## Onyo moja kabla ya kuingia chini

Transfa ikiwa N, gari haishikwi na giaboksi. Haijalishi umeweka gia ya kwanza au P (ya kuegesha ya otomatiki): magurudumu yametengwa na giaboksi, na gari itateremka. Wekea matairi vizuizi kila mara.

Kuna la pili, na ni baya zaidi kwa sababu halionekani. Kwenye Land Rover nyingi na baadhi ya Land Cruiser za zamani, hendibreki haiko kwenye magurudumu. Ni dramu iliyofungwa nyuma ya transfa, inayoshika propela. Ukifungua propela ya nyuma, umefungua na hendibreki. Mkono utauvuta, utasikia umekaza, na hakuna kinachoshikwa.

## Hatua ya 1: Oili kwanza, kabla ya kugusa kingine

Weka gari mahali tambarare. Fungua bolti ya kujazia. Kwa transfa nyingi, oili inatakiwa ifike ukingoni mwa tundu. Ingiza kidole.

Ikiwa imepungua, tafuta inakotoka. Ikiwa imezidi ile uliyoweka, usifurahi. Maana yake oili ya giaboksi inapita kwenye sili (ringi ya kuzuia oili) ya shafti ya kuingilia na kuja huku. Pima giaboksi: utaikuta imepungua. Hili huua giaboksi nzima huku mwenye gari akihangaika na transfa. Sababu mara nyingi ni sili iliyoingizwa kinyume, mdomo wake umekunjwa na meno ya shafti wakati wa kuunganisha, au ilifungwa kavu bila kupakwa oili.

Kisha angalia bomba la kupumulia, ule mpira mdogo unaopanda juu. Uchomoe mwisho wake na upulize. Usipopitisha hewa, transfa ikipata moto hewa ya ndani inavimba na kusukuma oili kwenye sili. Nimeona mtu akibadilisha sili ya nyuma mara tatu, na tatizo lilikuwa tope lililokauka ndani ya mpira huo.

Sasa mwaga oili kwenye beseni jeupe, ufute kwa kitambaa sumaku inayonasa vumbi la chuma. Soma hivi:

- Ujiuji wa kijivu laini kama grisi kwenye sumaku ni wa kawaida. Gia mpya zinazoeana.
- Vipande vinavyoshikika kwa kucha si vya kawaida. Kuna kinachosagana.
- Kumetameta kwa njano ni shaba, yaani ringi au wosha ya kuzuia msukumo inalika.
- Harufu ya kuungua inasema oili haikufika mahali.
- Vinyama vya silikoni ni gundi ya gasketi uliyopaka kwa wingi, ikaminywa ndani na kukatika.

Hicho cha mwisho wengi hukipuuza, nami nakiogopa kuliko vyote. Vinyama hivyo huenda moja kwa moja kwenye neti ya pampu na kuiziba. Pampu ikikosa oili, shafti kuu inaungua ikiwa imejaa oili chini yake. Ukiviona, usiendeshe. Hapo ndipo penye ruhusa ya kushusha mapema.

*Dalili ya kufanikiwa:* oili iko ukingoni, rangi yake ni ile uliyoiweka, giaboksi haijapungua, na sumaku ina ujiuji tu.

## Hatua ya 2: Zungusha kwa mkono, injini ikiwa imezimwa

Kipimo hiki kingewaokoa wengi, na hakigharimu kitu.

Weka alama za chaki kwenye propela na flanji zake (sahani za bolti zinazoziunganisha), kisha fungua propela zote mbili upande wa transfa. Giaboksi ya kawaida iweke gia ya kwanza, ya otomatiki iweke P. Kwa njia zote mbili, shafti inayoingia kwenye transfa imeshikwa. Sasa mwenzako akae kwenye liva, wewe uwe chini ukishika flanji.

Kwenye 2H, flanji ya nyuma isizunguke, ya mbele izunguke. Kwenye 4H, zote mbili zishike. Kwenye N, ya nyuma iachie. Kwenye 4L, zote zishike tena. Mchezo mdogo wa meno ni wa kawaida.

Liva ikigoma, usiilazimishe. Meno yanaweza kuwa yamesimama ncha kwa ncha. Cheza flanji kidogo huku mwenzako akisukuma taratibu, itaingia.

Majibu yanasema hivi:

Kwenye 4H ya mbele ikiendelea kuzunguka, foku (uma wa kusogezea) ya kuunganisha mbele haisogezi kola yake, ile ringi yenye meno inayounganisha shafti. Sababu za kawaida ni vipande vya plastiki vya kwenye foku kuanguka wakati wa kufunga, foku kugeuzwa, au springi ya reli yake (fimbo inayobeba foku) kukaa vibaya.

Kwenye 2H ya mbele ikikataa kuzunguka, foku ileile haikurudi. Usiendeshe lami namna hiyo.

4L isiposhika kabisa, au ikishika 4L na kukataa kurudi juu, tatizo ni foku ya kubadili kasi au ni liva. Kutofautisha ni rahisi. Tenganisha fimbo ya liva, kisha geuza mkono mdogo wa transfa yenyewe kwa spana. Hesabu mituo. Transfa ya 2H, 4H, N, 4L inatakiwa ikupe mituo minne, kila mmoja ukibofya wazi. Ukiipata yote minne kwa spana lakini si kwa liva, ndani hakuna tatizo. Acha kushusha, nenda hatua ya 3.

Kwa transfa ya muda wote kama LT230 ya Land Rover, usitegemee flanji ya mbele izunguke peke yake. Shafti ya kuingilia ikiwa imeshikwa, ukizungusha flanji moja nyingine inakwenda kinyume. Hiyo ndiyo kazi ya difu ya katikati. Funga loki ya difu, na zote zishike. Zikiendelea kuzunguka kinyume, loki haijaingia hata kama taa ya dashibodi inawaka.

*Dalili ya kufanikiwa:* kila nafasi imetoa jibu lake, na hakuna mahali pa kukwaruza unapozungusha.

## Hatua ya 3: Liva, mpira, swichi na mota

Transfa inayochomoka 4L mara nyingi haijavunjika ndani. Inaingia nusu. Meno yanashikana kwa ncha, mzigo ukija yanatelezeana.

Rekebisha fimbo ya liva ukiwa umeanzia upande wa transfa: weka mkono mdogo kwenye mtuo wa 4L hadi ubofye, weka liva ndani ya gari mahali pake pa 4L, ndipo uunganishe fimbo kwa urefu unaoingia bila kuvuta wala kusukuma. Watu hufanya kinyume, wanaanzia kwenye liva. Kisha angalia kama liva inagusa tundu la sakafu au mpira wake kabla haijafika mwisho. Ikigusa, umepata jibu.

Tazama pia mipira ya kushikilia injini na giaboksi. Ikiwa imechoka, injini inapovuta inapinda, transfa inasogea, na liva iliyoshikwa kwenye bodi inaitoa gia. Ikichomoka tu unapokanyaga mafuta kwa nguvu, anzia kwenye mipira.

Kama mituo haibofyi wazi, kuna gololi na springi ya kushikilia reli ambayo ama haipo, ama bolti yake imelegea. Mimi mwenyewe niliwahi kuendesha siku nzima nikishangaa kwa nini 4H inaruka, jioni nikaikuta gololi chini ya kitambaa mezani. Kwa transfa nyingi inarudishwa kutoka nje, kwa kufungua bolti moja. Ukiikaza bolti hiyo kupita kipimo, utapata tatizo la pili: kubadili kunakuwa kugumu kama kunyofoa msumari.

Swichi ya taa nayo ina makosa yake. Baadhi hukaa na wosha ya unene maalumu. Ikiachwa, swichi inaingia mno na kubana reli. Ikiongezwa, taa haiwaki. Chomoa waya, weka multimita kwenye swichi, badilisha nafasi, uone kama inakata na kuunganisha.

Transfa ya mota ya umeme ina kosa moja linaloshinda mengine yote: mota ilifungwa ikiwa 2H na transfa ikiwa 4L. Kompyuta inasoma uongo na taa inawaka kwa kukonyeza. Fungua mota, geuza shafti ya transfa hadi 2H, ilete mota nayo 2H, ndipo uifunge.

## Hatua ya 4: Sikiliza

Rudisha propela kwa alama zako. Ukizifunga bila kufuata alama, hasa zile zenye meno ya kuteleza, krosi (viungo vya kupinda) za ncha mbili zinaacha kulingana na gari itatikisika. Utautafuta mtikisiko ndani ya transfa hadi uchoke.

Jaza oili mpya. Gari ikiwa chini, matairi yamewekewa vizuizi, weka transfa N, giaboksi gia ya nne, uachie klachi polepole. Shafti ya kuingilia inazunguka, shafti za kutokea zimesimama. Sauti ikisikika hapa, ni beringi ya kuingilia au ni giaboksi yenyewe. Weka ncha ya bisibisi kwenye mwili wa transfa na mpini kwenye mfupa wa sikio, mbali na vitu vinavyozunguka, uone inatokea wapi. Dakika moja inatosha. Kwenye transfa nyingi za cheni pampu inaendeshwa na shafti ya nyuma, ambayo sasa imesimama, kwa hiyo hakuna oili inayopanda.

Usiwashe injini na kuweka 4H au 4L gari ikiwa imeinuliwa ekseli moja tu. Ile iliyo chini itavuta, na gari itaruka kutoka kwenye stendi. Sauti za mwendo zisikilize barabarani:

- Kuvuma kwenye nafasi zote, hata ukikanyaga klachi gari ikiteleza: beringi ya nyuma ya kutokea. Kwanza hakikisha si difu.
- Kulia kwenye 4L peke yake: gia za kupunguza mwendo. Kulia kidogo ni hulka ya gia zenye meno yaliyonyooka. Kukwaruza si hulka.
- Kugonga kama nyundo chini ya miguu ukivuta mzigo kwenye 4H au 4L: cheni imelegea inaruka meno. Kwenye 2H cheni nyingi hazibebi mzigo, kwa hiyo ikigonga kwenye 2H usiisingizie cheni.
- Mluzi mwembamba unaopanda na joto: beringi imebanwa kupita kiasi.

## Hatua ya 5: Barabarani

Endesha kama kilomita 10 kwenye 2H, kwa upole. Simama, ingia chini, gusa transfa kwa mgongo wa mkono. Iwe ya moto lakini uvumilie kuishika kwa sekunde chache. Linganisha mbele na nyuma. Pakiwa na moto mahali pamoja tu, kuna beringi hapo inayolalamika. Tafuta matone, kisha pima oili tena, maana imeshaenea.

Ndipo ujaribu 4H na 4L, na iwe kwenye udongo, mchanga au nyasi. Kwenye lami kavu transfa ya kuchagua hukaza kwa sababu magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma kwenye kona na hakuna difu ya kuachia tofauti hiyo. Liva itagoma kutoka, na utadhani umekosea kufunga. Rudi nyuma mita chache, itaachia.

Ikikaza hata kwenye udongo na ukienda moja kwa moja, pima matairi. Ya mbele na ya nyuma yawe ya mzunguko mmoja. Baadaye angalia kama kuna aliyewahi kubadilisha difu moja kwa hesabu tofauti ya meno. Hayo mawili hakuna transfa inayoweza kuyaponya.

Na ikiwa propela ya mbele inazunguka lakini magurudumu ya mbele hayavuti, transfa imemaliza kazi yake. Angalia habu za mbele (vitovu vya magurudumu) kama zimefungwa, au kifaa cha kuunganisha ekseli ya mbele.

## Hatua ya 6: Ikibidi kushusha

Uwe na jina la kosa unalolifuata. Ukifungua, anza na haya kwa mpangilio huu.

Bomba la kunyonyea oili: limeingia kikamilifu kwenye pampu, na ringi yake ya mpira ipo? Isipokuwepo, pampu inanyonya hewa. Bomba pia lisitoke wakati wa kufunga nusu ya pili ya mwili. Hutokea, na huoni kwa nje.

Saklipu (ringi za chuma za kufungia): kila moja iwe imezama kwenye mfereji wake mzima. Izungushe kwa bisibisi. Iliyokaa vizuri inazunguka, iliyopanda ukingoni inakwama. Saklipu iliyotanuliwa sana wakati wa kutoa haitumiki tena.

Shimu na mbano wa beringi: kwenye transfa zenye beringi za koni, gasketi ya karatasi ni sehemu ya kipimo. Aliyeiacha na kupaka silikoni badala yake amebana beringi bila kujua. Pima mchezo wa shafti kwa geji ya saa (yenye mshale kama wa saa), ulinganishe na kitabu.

Foku: vipande vya plastiki vimekaa, na sehemu ndefu ya foku inatazama upande ilikotazama. Picha ya simu ya siku ya kufungua inashinda kumbukumbu.

Sili: mdomo wenye springi utazame oili. Pitisha ukucha kwenye shingo ya flanji pale sili inapogusa. Ukucha ukikwama, kuna mfereji, na sili mpya itavuja kama ya zamani.

Silikoni ukipaka, iwe uzi mwembamba mmoja, upite upande wa ndani wa matundu ya bolti. Acha ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye tyubu kabla ya kumimina oili.

Kabla ya kuirudisha juu, ikiwa bado mezani, mimina oili kidogo juu ya cheni na beringi, zungusha shafti ya kuingilia kwa mkono, uhesabu. NP231 kwenye 4L inataka mizunguko 2.72 ya kuingilia kwa mmoja wa kutokea. LT230 inataka 3.32. Weka alama ya chaki kwenye flanji, zungusha, hesabu. Kisha pitia mituo yote minne kwa spana, mara tatu, kwenda na kurudi.